Wafo za kulaza usiku katika joto la Unguja

Ukisogeza sikio karibu na bakuli la unga uliolala na hamira usiku kucha, kabla hujaukoroga, utausikia ukizungumza: viputo vidogo vinapasuka kimoja kimoja kwa sauti nyembamba, kama mvua inapoanza kugusa makuti. Sauti hiyo naijua tangu utoto, kwa sababu marehemu bibi yangu, aliyekuwa akikaa Kikwajuni, alikuwa akiumua unga wa vitumbua na kunituma nikausikilize kabla hajateleka kikaango. Akiniuliza, "Unasemaje, mjukuu wangu?" nami nikamjibu kwamba unachemka, basi alijua umefika. Leo nautumia ujuzi uleule kwa kitu ambacho bibi hakukijua kwa jina, nacho ni wafo za hamira, zinazochanganywa usiku na kuchomwa asubuhi, ambazo kwa miaka kadhaa sasa ndizo chai yetu ya Jumapili nyumbani.

Kwa asiyezijua, wafo ni mkate mwembamba unaochomwa baina ya mabamba mawili ya chuma yaliyochongwa vijumba, ukatoka na vyumba vya mraba pande zote mbili kama sega la nyuki. Mfano huu wa sega sikuubuni mimi, kwani jina lenyewe katika lugha za Ulaya ya kaskazini lina asili moja na neno la sega la asali. Wabelgiji ndio waliozipa sifa kubwa zaidi: wa Brussels hutumia rojo jepesi la hamira, na wa Liège hutumia donge zito lililochanganywa na chembe za sukari ambazo huyeyuka juu ya chuma. Huko Marekani, Cornelius Swartwout wa mji wa Troy, New York, alipewa hataza ya chuma chake cha wafo cha kuweka juu ya jiko tarehe 24 Agosti 1869, na wafo za Kibelgiji zikapendwa mno nchini humo baada ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964. Nyingi kati ya zile zinazoliwa leo kwa haraka haziumuliwi kwa hamira bali kwa unga wa kuumulia keki, na hapo ndipo penye tofauti inayonifanya niandike.

Nilizila mara ya kwanza katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, nikaona ni keki iliyobanwa: tamu, laini, isiyo na kisa chochote ndani yake. Miaka miwili baadaye wifi yangu, aliyekuja likizo kutoka ng'ambo, alinipikia zile za kulaza usiku, nami nikang'amua mara moja kwamba huu ni ukoo wa mkate wa kumimina na vitumbua, si ukoo wa keki. Kwa nje zilikuwa kavu na zikivunjika kwa mlio, kwa ndani zilikuwa na matundu na unyevu, na katika ladha kulikuwa na uchachu wa mbali sana, ule ambao ulimi hauutaji kwa jina lakini ukikosekana huuona kwamba haupo. Ladha ile haipatikani kwa kuongeza kitu. Inapatikana kwa muda. Hamira inapokula sukari hutoa hewa inayoufurisha unga, lakini pamoja na hewa hiyo hutoa pia vitu vingine vingi vidogo vyenye harufu na ladha, na vitu hivyo huhitaji saa nyingi vijikusanye. Wakati huohuo vimeng'enya vilivyomo ndani ya unga wenyewe huvunja wanga na kuugeuza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoipa wafo rangi ya kahawia ya dhahabu inapokutana na chuma cha moto. Kwa sababu unga umelowana usiku mzima, ule mnato wa ngano nao hujifunga wenyewe bila ya wewe kuukanda.

Wifi aliniachia maelekezo kwenye karatasi, nami nikayafuata neno kwa neno mwezi wa Februari, Kaskazi ikiwa imeshika, joto la jikoni likiwa halishuki hata usiku wa manane. Karatasi ilisema nitie vijiko viwili vya chai na robo vya hamira, kiasi cha gramu 7, nifunike bakuli na kuliacha juu ya meza mpaka asubuhi. Nilipoamka kwa sala ya Alfajiri nilikanyaga kitu cha baridi na chenye kunata mlangoni mwa jiko. Rojo lilikuwa limefura, limeinua kifuniko, limemwagika mezani, likateremka mguu wa meza mpaka sakafuni, na lililobaki ndani ya bakuli lilikuwa limeshuka na kutulia, lina maji ya kijivujivu juu na harufu kali iliyokaribia ya tembo la mnazi. Nilichoma wafo mbili ili nione. Zilitoka nyeupe kama karatasi, hata nilipoziacha kwenye chuma mara mbili ya muda wake, na zilikuwa chachu kiasi cha kukunja uso. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini hazikushika rangi: hamira ilikuwa imekula sukari yote, na bila sukari hakuna cha kuungua na kuwa kahawia. Tangu siku hiyo, nikiona wafo iliyopauka, siulaumu moto kwanza, naulaumu usiku.

Kosa halikuwa la wifi wala la karatasi yake. Maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako jiko usiku huweza kuwa na nyuzi 18 au chini yake. Hamira ni kiumbe hai, kuvu mdogo asiyeonekana kwa jicho, naye haendi kwa saa ya ukutani bali kwa joto lililomzunguka. Ndani ya friji, kwenye nyuzi 4 hivi, karibu hulala kabisa. Kuanzia nyuzi 25 hadi 35 hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Akifika nyuzi 55 au 60 hufa. Baina ya baridi na vuguvugu, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi yake huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo unga unaohitaji saa 9 katika jiko la baridi, kwetu wakati wa Kaskazi humaliza safari yake saa 8 usiku, na kuanzia hapo mpaka kukucha ni kuharibika tu. Bibi hakuwa na kipimajoto, lakini nakumbuka vizuri kwamba wakati wa joto alikuwa akiumua unga wake baada ya sala ya Alfajiri, na wakati wa kipupwe aliuchanganya usiku akaufunga kwa kanga na kuuweka karibu na seredani lililokuwa bado na majivu ya moto. Alikuwa akipima kwa ngozi yake kile ambacho mimi nilikuja kukisoma kwa tarakimu.

Niliporudi kujaribu tena nilibadilisha jambo moja tu, kiasi cha hamira, na nikaandika kila Jumapili nilichotia na nilichokikuta. Baada ya misimu minne ya upepo nimetua kwenye vipimo hivi. Wakati wa Kaskazi, tangu Disemba mpaka Machi, natia robo kijiko cha chai cha hamira kavu kwa vikombe viwili vya unga, nikichanganya saa 4 usiku na kuchoma saa 1 asubuhi. Wakati wa masika, na tena wakati wa vuli, natia kijiko kisichofika nusu. Kusi inapovuma na kipupwe kikaingia, Juni hadi Agosti, natia nusu kijiko kamili, na usiku ambao upepo unaingia dirishani nalifunika bakuli kwa kitambaa kizito. Katika mwezi wa Ramadhani hesabu ni nyingine, kwa sababu nachanganya baada ya tarawehe na kuchoma kabla ya daku, na unga haupati zaidi ya saa 6 au 7. Hapo naongeza kidogo, robo tatu ya kijiko. Hamira ile ndogo haipungukiwi na kazi, maana huzaana humohumo kwenye unga, na muda mrefu huifanya itosheleze.

Najua wengi watauliza kwa nini nisitie bakuli ndani ya friji nikalala kwa amani. Njia hiyo inafaa, nami naitumia ninapokuwa na wageni wengi na sitaki wasiwasi: natia nusu kijiko, naliacha rojo nje kwa dakika 40 mpaka nione viputo vya kwanza, kisha naliingiza kwenye friji, na asubuhi nalitoa kabla ya kwenda kusali ili lipoteze baridi. Lakini sikupenda kuifanya ndiyo njia yangu ya kila siku. Sisi wa Unguja tuliokuwapo mwaka 2008 tunakumbuka umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi, na ukakatika tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya mishumaa, majenereta na friji zilizogeuzwa makabati ya nguo. Mapishi yanayosimama kwa friji peke yake, kwangu mimi, yamesimama kwa mguu mmoja. Pia, nasema ukweli, unga uliolala nje una ladha pana zaidi kuliko uliolala kwenye baridi, na nimezionja zote mbili kwa asubuhi moja kabla ya kuandika sentensi hii.

Sasa niseme namna ninavyozifanya, kwa watu sita. Katika bakuli kubwa, ambalo rojo likiingia halitazidi theluthi moja ya kina chake, natia nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, natupia hamira juu yake na chembe ya sukari, naiacha kwa dakika 5 mpaka itoe povu. Maji yale yawe ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga. Ukitia kiwiko cha mkono ukayavumilia bila ya kuhisi moto, yamefaa. Kisha namimina vikombe viwili vya maziwa yaliyochemshwa na kupoa mpaka yawe vuguvugu, au maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yaliyochemka na kupoa, na haya ya unga ndiyo ninayoyatumia zaidi kwa sababu yapo dukani kila siku na hayanipi hofu ya kuganda usiku wa joto. Nafuatisha nusu kikombe cha samli au siagi iliyoyeyushwa, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha sukari, kisha vikombe viwili vya unga wa ngano. Nakoroga mpaka madonge makubwa yaishe. Yale madogo nayaacha, usiku utayamaliza. Nafunika kwa sahani isiyobana sana, ili hewa ipate njia, na nalala.

Juu ya samli naomba nisimame kidogo. Siagi ya dukani inafanya kazi yake vizuri, na ndiyo iliyoandikwa katika maelekezo ya asili, lakini siagi ina maji ndani yake na samli haina. Wafo ya samli hukauka upesi zaidi juu ya chuma, ukoko wake ni mwembamba na mkavu, na harufu yake inapotoka jikoni hufika mpaka barazani kwa jirani. Nikiwa na samli ya kienyeji, ile yenye punje na rangi ya manjano, napunguza kiasi kidogo, kwa sababu harufu yake ni kubwa na inaweza kuifunika ladha ya hamira ambayo tumeisubiri usiku mzima.

Viungo nilivikosea kwa muda mrefu. Mtu aliyezaliwa kisiwani hapa hawezi kuona bakuli la unga mtamu asilitie hiliki, nami nikitia hiliki, mdalasini na karafuu moja iliyosagwa pamoja na unga usiku, kisha nikishangaa kwa nini rojo langu limelala kama lililokasirika wakati hamira ni ileile na joto ni lilelile. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho eujenoli, huzuia kukua kwa vijidudu na kuvu, na mdalasini nao una nguvu kama hiyo. Ndiyo sababu karafuu inayotuliza jino linalouma inaweza pia kuinyong'onyeza hamira. Sasa viungo vyote navitia asubuhi, dakika chache kabla ya kuchoma, na hamira inakuwa imeshamaliza kazi yake bila ya kusumbuliwa. Hiliki naitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo, mbegu tu bila ya maganda, punje kumi hivi. Karafuu ya Pemba naiweka kidogo sana, chini ya robo ya kijiko cha chai, kwani ikizidi mkate wote hugeuka dawa.

Tui la nazi nalo lina saa yake. Jaribio langu la kwanza la kulaza unga na tui badala ya maziwa liliharibika wakati wa joto, kwa sababu tui bichi huchacha upesi, na uchachu wake si ule mzuri wa hamira. Ni wa mafuta yaliyooza. Mama aliniambia, baada ya kuonja kwa ncha ya ulimi, "Mwanangu, tui halilali." Ni kweli, na ukiangalia vibibi na mkate wa kumimina utaona kwamba unga wake, ambao una tui, huumuliwa kwa saa moja au mbili tu kisha unachomwa. Kwa hiyo nikitaka wafo za nazi nalaza unga na kikombe kimoja na nusu tu cha maziwa, na asubuhi nakuna nazi, nakamua tui zito la kwanza kwa kifumbu, na natia nusu kikombe pamoja na mayai. Harufu ya nazi iliyokunwa asubuhi ileile haifanani na ya jana, na huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote.

Asubuhi, basi, unafunua bakuli. Rojo zuri lina uso uliojaa matundu kama wa mkate wa kumimina kabla ya kugeuzwa, na ukilitikisa bakuli linatetemeka. Linaweza kuwa limepanda kisha likashuka kidogo, ukaona alama ya mstari kwenye ukingo wa bakuli inayoonyesha lilifika wapi; hilo si kosa. Kosa ni maji yaliyojitenga juu na harufu ya kuchoma pua. Hapo navunja mayai mawili, nayapiga kidogo na kuyatia, pamoja na robo kijiko cha chai cha baikaboneti, ule unga mweupe unaouzwa pamoja na vifaa vya keki, na viungo vyangu. Baikaboneti ina kazi mbili hapa: inapunguza uchachu uliozidi na inasaidia ukoko ushike rangi. Rojo litashuka na kuwa jepesi, karibu na uzito wa unga wa chapati za maji, na mpishi wa mara ya kwanza hutaka kuongeza unga. Asiongeze. Wepesi ule ndio unaoifanya wafo iwe na ukoko mkavu.

Kuhusu chuma chenyewe, nina onyo moja ambalo lilinigharimu. Chuma changu cha kwanza cha umeme kililetwa kama zawadi kutoka Marekani, na umeme wa huko ni wa volti 120, wakati wa kwetu ni wa volti 230. Nilikichomeka kwa kutumia adapta ya kubadilisha umbo la plagi, nikidhani imetosha. Kilipata moto kwa dakika mbili, kikatoa moshi wa plastiki, kikafa, na mkono wangu ukabaki unatetemeka kwa muda. Adapta hubadilisha vichwa vya plagi, haibadilishi volti. Soma kibandiko kilicho chini ya chombo kabla hujakigusisha na ukuta, hata kama umekinunua hapahapa katika maduka ya vitu vilivyotumika. Cha pili nilikipata Darajani, kizito, cha volti 220 hadi 240, na bado kinafanya kazi. Vipo pia vyuma vya kushikwa kwa mpini, vya kugeuzwa juu ya gesi au makaa, na aliye nacho cha namna hiyo asione amepungukiwa. Kinahitaji macho na mkono tu.

Kipashe moto vizuri, dakika zisizopungua 5, kisha upake samli kwa brashi au kitambaa. Mimina upawa mmoja katikati, ufunge, na usifungue. Mvuke utatoka pembeni kwa nguvu, baadaye utapungua, na unapokaribia kwisha ndipo wafo inapoiva. Mvuke ndio saa yako; ukifungua ungali unatoka kwa wingi, wafo itapasuka katikati, nusu juu na nusu chini. Kwa chuma changu ni baina ya dakika 4 na 6.

Kinachofuata ndicho kinachoharibu wafo nyingi katika nyumba zetu, na kinatokana na adabu nzuri. Chakula kikitoka jikoni kwetu hufunikwa kawa, kwa heshima ya chakula na kwa sababu ya nzi, na mama yangu kila nilipotoa wafo aliipanga juu ya mwenzake kwenye sahani na kuifunika. Baada ya dakika tatu zilikuwa zimelegea kama maandazi ya jana, kwani mvuke wake wenyewe ulirudi ndani yake. Nilimweleza polepole, na yeye ndiye aliyepata dawa: alichukua ungo safi, akaupachika juu ya sufuria tupu, akazipanga wafo juu yake moja moja, zisigusane, ili hewa ipite chini na juu. Tangu siku hiyo ungo ule una kazi yake ya Jumapili. Kawa naliweka zikishapoa, kama zimebaki.

Tunazila na asali ya nyuki kutoka Pemba, nyeusi kidogo na yenye ukali mwishoni, ambayo hujaa ndani ya vyumba vile na kukaa humo. Msimu wa embe tunakata embe; nje ya msimu nakaanga ndizi mbivu kwa samli na kuzimwagia tui. Mume wangu huzila na mchuzi wa kima uliobaki tangu usiku, bila sukari wala asali, na baada ya kumwangalia kwa miezi nilijaribu, nikamkubalia: uchachu mdogo wa hamira unapokea mchuzi vizuri, kama mkate wa mofa. Wafo za namna hiyo nazipikia bila viungo vitamu, na kwenye rojo la asubuhi natia kitunguu cha majani kilichokatwa ndogo sana.

Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika saa 1 na robo asubuhi, wafo ya tatu ikiwa ndani ya chuma na bakuli likiwa bado limejaa zaidi ya nusu. Watoto walikuwa wamekaa mkekani, sahani ziko mbele yao. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyesema, "Mama, kwani huu si unga wa vitumbua tu?" Nilikitoa kikaango cha bibi chenye vishimo saba, nikawasha seredani uani, nikatia tone la mafuta katika kila kishimo, nikamimina. Vilifura mpaka vikapita ukingo, na binti yangu alipovigeuza kwa kijiti vilikuwa vyekundu, vina matundu ndani, na vina harufu ya hiliki. Alikuwa ameinama juu ya bakuli lililobaki, sikio lake likiwa karibu na unga, akaniambia bado unazungumza.